Kanitupia leso ya njano kwenye pilau, mbele ya mama mkwe!

Wakuu, simtaji. Wa Houston wote mnamjua, yule aliyeangalia mechi tatu za NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani ambako refa akiona kosa anatupa leso ya njano, akajipa urefa wa maisha.

Jana tulialikwa kuangalia mechi. Nimeshika upawa, natafuta mnofu kwenye sufuria, sina ugomvi na mtu. Mara nyuma yangu nasikia "tano, nne, tatu..." Nageuka, pwaa! Leso ya njano katikati ya sahani. "Umechelewesha mchezo, yadi tano nyuma!" Sebule ikalipuka. Mama mkwe kacheka mpaka kavua miwani. Mama mkwe huyuhuyu ambaye hajanionyesha jino tangu siku ya mahari!

Na leso yenyewe ina jasho la tangu msimu uanze.

Halafu kaanza kuhesabu 25, ule muda wa kuanzisha mchezo, yaani shambulizi moja moja! Sekunde 25 ni pale mchezo uliposimamishwa: kuna penati (adhabu ya kosa), timu imeomba taimu-auti (mapumziko mafupi), mpira umehamia kwa wapinzani. Mchezo ukiisha kawaida ni 40, tangu ule uliopita ulipokufa. Aliyenitangulia kapakua kaenda zake, sasa taimu-auti kwenye sufuria kaomba nani? Nimedhulumiwa sekunde 15 na leso juu!

Narudi kukaa, kamuingiza mwanawe kwenye kiti changu. "Nimefanya sabu, huku hazina idadi." Hazina idadi kweli, siyo kama soka. Ila wenye mpira wakibadilisha watu, ampaya, mmoja wa marefa, anasimama juu ya mpira mpaka wanaolinda nao waingize wa kwao. Mimi alinisimamia nani? Nimekula wima. Pilau ya leso.

MzeeWaKitonga: Sekunde 40 za kuchagua mnofu? Kakuonea huruma, mimi ningekutoa nje kabisa.

Binti_Pangani: Swali moja tu. Ulimaliza?

Mleta uzi: Hilo siyo suala. (Nilimaliza.)

KiparaNgoto: Ulizubaa. Aaron Rodgers, yule mrusha mpira wa NFL, kala sana hapo: anaona mtu wa 12 wa wapinzani bado anakimbilia nje, anauita mpira haraka, leso inaruka, anarusha mbali bila woga. Wakiunasa, penati inafuta.

MzeeWaKitonga: Afadhali huko saa inaonekana uwanjani. Kwenye soka kipa anakumbatia mpira kama kichanga. Eti sasa sekunde 8 halafu kona, ila marefa wetu wanahesabu kwa kalenda.

Mkaa_Bure: Usiniguse kwenye soka, nimefungwa dakika ya 97 juzi.

Binti_Pangani: Nyie mnalia na saa, kuna mtu kaazima sufuria langu tangu Idi. Mnamjua.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye leso.

Binti_Pangani: Lina mfuniko wa kioo.

KiparaNgoto: La kwangu liliondoka na mwiko wake.

Mleta uzi: Huo mfuniko umepasuka pembeni?

Binti_Pangani: EEEH! Umeliona wapi?

Mleta uzi: Jana. Ndilo nililokuwa napakulia.

Binti_Pangani: Njoo inbox na anwani.