Core 2 Duo mbili za kibanda cha gemu Igoma: niongeze RAM, kadi, au nibadilishe Windows?

DagaaMkavu
Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Nina OptiPlex 755 mbili, zile nyembamba: Core 2 Duo E6550, RAM GB 2, hadidiski GB 80, Windows 10. Nataka kibanda cha gemu za zamani hapa Igoma, Mwanza: San Andreas, Most Wanted ya 2005, IGI ya kwanza, na Age of Empires II vijana wapambane mashine kwa mashine.

San Andreas inakwamakwama mpaka haichezeki. Baadhi ya CD halisi ukibofya hakuna kinachotokea. Na mchana mashine moja inajizima baada ya kama nusu saa. Nimeshauriwa niongeze RAM na kadi ya grafiki, ila hela inatosha kitu kimoja. Nianze na kipi?

JiweLaBismarck
Usinunue chochote kwanza mkuu. Bofya kulia kwenye Start, ingia Device Manager, fungua Display adapters. Ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter", ugonjwa ndio huo. Grafiki ya mashine hiyo ni Intel GMA 3100 iliyo kwenye mazabodi (bodi kuu), na Intel haikutoa draiva, yaani programu ya kuiwezesha Windows kutumia kifaa, ya Windows 10 kwa kizazi hicho. Bila draiva, kazi yote ya kuchora picha za 3D inamwangukia prosesa.

RAM muache, hana kosa. San Andreas ya kompyuta ilipotoka 2005 iliomba prosesa ya GHz 1, RAM MB 256 na grafiki ya MB 64. Wewe una RAM mara nane ya hiyo.

Futa, weka Windows 7 ya biti 32, kisha draiva ya grafiki, kisha DirectX (faili za Microsoft ambazo gemu huzitumia kuchora picha) ya Juni 2010 ili usisumbuliwe na ujumbe kwamba faili la d3dx9 halipo. Nasisitiza biti 32 kwa sababu gemu nyingi za miaka ya 90 zenyewe ni za biti 32 lakini kisakinishi chake ni cha biti 16, na Windows ya biti 64 inakikataa palepale.

XP nayo inafaa. Ila kabla ya kuisakinisha washa huku unabonyeza F2, tafuta SATA Operation (namna mashine inavyowasiliana na hadidiski), toa AHCI weka ATA. Ukiruka hapo utapata skrini ya bluu yenye 0x0000007B, maana CD ya XP haina draiva ya AHCI.

XP iliachwa kupewa masasisho ya usalama 2014, Windows 7 mwaka 2020. Kwa hiyo mashine hizo zisiguse intaneti, na flashi za wateja zisichomekwe.

FundiNyegezi
Hiyo ya kujizima ni jambo jingine, Windows mpya haitaitibu. Weka programu ya kusoma joto kama HWMonitor, cheza, tazama. Joto likipanda kuelekea nyuzi 90 na zaidi ndipo ikazima, tatizo ni upoozaji. Ikizima ikiwa nyuzi 60, shuku pawasaplai, kile kiboksi cha kugawa umeme ndani.

Kwa joto, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi chaji iliyobaki iishe, fungua mfuniko. Kwetu huku vumbi si peke yake: wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku wanavutwa na feni, wanakauka kwenye mapezi ya hitisinki (chuma cha kupooza prosesa) na kuwa kama blanketi. Puliza kutoka ndani kwenda nje, na feni uishike kwa kidole isizunguke, maana ikizungushwa kwa upepo mkali inaharibu beringi.

Halafu ng'oa hitisinki yenyewe. Legeza skrubu kwa zamu, kidogo huku kidogo kule. Pesti ya zamani, ile dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki, utaikuta imekuwa chaki. Ifute kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, weka mpya kiasi cha punje ya mchele katikati ya prosesa, rudisha hitisinki bila kuitelezesha. Pesti nyingi si bora: kazi yake ni kujaza vinafasi vidogo kati ya chuma na chuma, ikiwa nene inazuia joto.

Ukiwa ndani tazama kapasita. Yenye kichwa kilichovimba ibadilishwe kwa ileile mikrofaradi, volti sawa au zaidi, kamwe si pungufu. Na kama kibanda ni cha bati, mashine isiegemee ukuta. Acha angalau sentimita 15 nyuma.

SangaraMbichi
Za CD: gemu nyingi za mwisho wa miaka ya 90 na 2000 zililindwa kwa SafeDisc au SecuROM, mifumo ya kuzuia CD isinakiliwe. Windows 10 imekataa SafeDisc tangu 2015, ndiyo maana ukibofya kimya. Windows 7 nayo, kama ina sasisho KB3086255, ilizimiwa draiva ya SafeDisc, iitwayo secdrv. Fungua cmd kama administrator uandike:

sc config secdrv start= demand
sc start secdrv

Nafasi baada ya alama ya = ni lazima, ukiibana amri inakataa. Ukimaliza kucheza: sc stop secdrv. Ukitaka kukwepa CD kabisa, duka la mtandaoni la GOG wanauza gemu nyingi za zamani bila ulinzi wa diski.

Age of Empires II: waya mmoja wa mtandao kutoka mashine hadi mashine unatosha, huhitaji swichi wala waya maalumu wa kuvuka (crossover). Moja ipe IP 192.168.1.1, nyingine 192.168.1.2, maski 255.255.255.0. Kwenye Firewall ruhusu TCP 47624, pia TCP na UDP 2300 hadi 2400. Toleo lazima lifanane pande zote, 2.0a kwa 2.0a, la sivyo hawataonana. Maji na majani yakigeuka zambarau kwenye Windows 7, fungua dirisha la Screen resolution uliache wazi, ndipo uwashe gemu.

San Andreas ikigoma kufunguka, futa gta_sa.set iliyo kwenye Documents, folda ya "GTA San Andreas User Files". Frame Limiter iache ON. Ukiizima picha inalainika, lakini kuogelea na magari vinaharibika.

DagaaMkavu
Nimeangalia, ni Basic Display Adapter kweli, zote mbili. Asanteni sana. Na Most Wanted, baada ya Windows 7 itatosha bila kadi?

JiweLaBismarck
Itacheza kwenye 640 kwa 480 na mapambo yote ya picha yakiwa chini. Ukitaka zaidi, hapo ndipo kadi ina maana. Chukua GeForce 210 au 8400 GS iliyo fupi, kwa sababu kadi yenye bamba la kufungia la urefu wa kawaida haiingii kwenye boksi hilo, na isiwe ya kuhitaji plagi ya umeme. Kama tundu la VGA la kadi limeunganishwa kwa waya bapa, linafungwa pembeni na kula nafasi ya sloti ya pili, hivyo hakikisha sloti hiyo iko wazi. Monita uichomeke kwenye kadi, si kule nyuma ya mazabodi.

FundiNyegezi
Na safisha feni kabla ya kuweka kadi. Inaongeza joto ndani ya boksi lilelile.