Naomba ushauri: mjadala wa riwaya yangu ufanyikie wapi?

Wakuu, habari za leo. Riwaya yangu ya kwanza imetoka na namshukuru Mungu watu wanaisoma na kuijadili. Shida ni kwamba maongezi yametawanyika: wengine wako Facebook, wengine kundi la WhatsApp alilolianzisha msomaji mmoja wa Mwanza, wengine wananifuata inboksi.

Kundi la WhatsApp ndilo lililochangamka. Juzi walibishana hadi usiku wa manane kama mama yake Zuhura alikuwa na haki ya kuificha ile barua. Natamani kila msomaji angeuona ubishi ule. Lakini kundi lina kikomo cha watu 1,024, na kwa kawaida anayeingia leo hayakuti ya jana. Telegram inabeba hadi 200,000 na mgeni anaweza kusoma ya nyuma, ila wasomaji wangu wengi hawana Telegram kwenye simu zao.

Kingine kinachoniumiza kichwa: mimi mwenyewe niwemo? Nikichangia tu, wakosoaji wananyamaza, pongezi zinaanza. Nami nahitaji sana kuambiwa kama sura ya nne inachosha.

Waandishi na wasomaji wenzangu, niwakusanye sehemu moja au niwaache walipo? Waliopitia hili mlifanyaje?