Naomba ushauri: kufundisha sheria ya asili kwa wanafunzi wa mwaka wa pili

Habari zenu wakubwa na wenzangu katika ualimu wa sheria. Nafundisha falsafa ya sheria, mwaka wa pili, darasa la watu kama 90, na kwenye sheria ya asili, yaani ile nadharia kwamba uhalali wa sheria unategemea haki na maadili, nimekwama kabisa.

Wanafunzi wanashika sentensi moja tu, "sheria dhalimu si sheria", wanaikariri hadi kwenye mtihani. Thomas Aquinas, mwanateolojia wa Kikristo wa karne ya 13, hakuishia hapo: alisema pia kwamba wakati mwingine sheria ya namna hiyo itiiwe ili kuepusha fujo. Hilo ndilo lenye utamu, na ndilo linalowapita. Wengine wanasema hiki ni kipindi cha dini, basi wanafunga daftari.

Nimejaribu mjadala wa 1958 wa wanafalsafa wa sheria Hart na Fuller, kama sheria za Wanazi zilikuwa sheria kweli. Wakauona wa mbali. Nikaleta kesi ya Mbushuu ya Tanzania: mwaka 1994 Jaji Mwalusanya alitamka adhabu ya kifo ni kinyume cha Katiba, na 1995 Mahakama ya Rufani ikakubali kuwa ni ya kikatili lakini ikaiacha kwa maslahi ya umma. Darasa liliamka kweli, ila mjadala ukaishia kwenye ibara za Katiba, falsafa ikapotea.

Naomba mnisaidie mawili. Je, nianze na kesi au na Aquinas mwenyewe? Na swali gani la mtihani linamzuia mtu kukariri?

Natanguliza shukrani.