Siku tano sisi wawili tu: tufuate mto Mississippi au tuingie Iowa ya ndani?

Mtanga_StPaul
Wakuu, habari za leo. Mwezi wa kumi tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Bibi wa watoto amekuja kutoka Tanga, kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu tuhamie Minnesota tunaweza kutoka bila watoto. Tuna gari letu na siku tano. Majiji makubwa hatuyataki. Tunataka miji midogo ya kutembea kwa miguu na kula wanachokula wenyeji. Nimebaki na njia mbili. Moja, kushuka na mto: Red Wing, Wabasha, La Crosse, Dubuque hadi Galena, Illinois. Nyingine, kwenda Iowa ya kati: madaraja yenye paa ya Winterset, Pella ya Waholanzi, na vijiji vya Amana. Mke wangu anapenda mambo ya kale, mimi napenda maji. Mliopita huko, naomba ushauri.

MamaPacha
Hongereni sana, shemeji. Sisi tumefanya zote mbili, miaka tofauti. Kwa mwezi wa kumi, fuateni mto. Pella inasifika kwa tulipu, na tulipu ni za mwezi wa tano; mkienda sasa mtakuta kinu cha upepo na mikate mizuri, basi. Kwenye mto, majabali yamepanda pande zote mbili na misitu yake inageuka rangi wakati huohuo.

Ila vukeni upande wa Wisconsin, mshike barabara namba 35. Inapita katikati ya vijiji: Maiden Rock, Stockholm, Pepin, Alma. Pale Alma msipite tu. Bwawa namba 4 liko mbele ya barabara kuu ya mji, na kuna jukwaa la kutazamia. Boti moja inasukuma matishari hadi kumi na tano yaliyofungwa pamoja, na chumba cha kupandishia meli kina urefu wa futi 600, hayatoshi. Wanayakata mafungu mawili, wanapitisha la kwanza, kisha la pili, halafu wanayafunga upya. Mume wangu alisimama pale zaidi ya saa nzima, chai ikapoa mkononi.

Trela_I80
Mimi ni dereva wa malori, Iowa napita kila wiki, na naona haijatendewa haki hapa. Kama mke wako anapenda mambo ya kale, Amana ndiyo kwake. Ni vijiji saba vya Wajerumani waliofika Iowa miaka ya 1850 kwa ajili ya imani yao. Ardhi ilikuwa ya wote, kazi za wote, na walikula katika majiko ya pamoja, mpaka mwaka 1932 walipopiga kura kuachana na mfumo huo. Mtu aliyekua akisikia wazee wakisimulia vijiji vya Ujamaa atatembea pale na maswali mengi kichwani.

Winterset nayo ina lake. Wilaya ile ilikuwa na madaraja kumi na tisa yenye paa, yamebaki sita. Waliyaezeka kwa sababu mbao nene za sakafu zilikuwa ghali kubadilisha kuliko mbao za paa na kuta. Ila yametawanyika mashambani, na njia nyingine ni za changarawe.

Kisangani_IowaCity
Ndugu Trela amesema kweli kuhusu Amana, lakini piga hesabu ya muda. Saint Paul hadi Winterset ni kama saa nne. Kutoka hapo Pella, halafu Amana, halafu kurudi kaskazini. Mtaona mahindi na soya kupitia kioo cha gari. Kwenye mto, mji hadi mji mara nyingi ni nusu saa.

Na jioni msiendeshe. Msimu huo kulungu wanahangaika kutafutana, wanaruka barabarani jua likizama. Majiko ya miji midogo pia hufungwa mapema, kwa hiyo saa moja usiku muwe mmeshakaa mezani.

Mtanga_StPaul
Asanteni. Galena inastahili umbali wote huo? Au tugeuzie La Crosse?

MamaPacha
Msigeuze. Kati ya La Crosse na Dubuque kuna Effigy Mounds, upande wa Iowa: matuta zaidi ya 200 yaliyojengwa na wenyeji wa asili, mengine yana umbo la dubu na ndege. Kwangu hapo ndipo mahali pa kale kuliko pote katika safari hii, na palinikalisha kimya.

Dubuque pandeni kile kigari cha mlimani. Mwenye benki mmoja alikijenga mwaka 1882 ili aweze kwenda nyumbani kula mchana na kulala kidogo. Juu yake unaona majimbo matatu. Galena kuna nyumba aliyopewa Jenerali Grant mwaka 1865, kabla hajawa rais, na mtaa wa matofali unaopinda na mlima. Nendeni katikati ya wiki. Wikendi watu wa Chicago wanaujaza.

Trela_I80
Basi kutoka Dubuque shukeni Amana, ni kama saa moja na nusu. Mtapata vyote.

MamaPacha
Hapana, kaka. Siku tano, vituo viwili vya kulala. Wakiongeza cha tatu watakuwa wanafungasha mizigo kila asubuhi.

Mtanga_StPaul
Nimemsomea mke wangu yote. Amechagua matuta ya dubu kabla sijamaliza. Tutaondoka Jumatatu: usiku mbili Pepin, mbili Galena, na Ijumaa tunarudi mchana kweupe kwa sababu ya hao kulungu. Trela, Amana tutaiendea masika, pamoja na tulipu za Pella, na safari hiyo watoto na bibi yao watakuwemo.