Fedha za ulinzi zinatoka mfukoni mwa nani?

Kutoka Denmark

Ndugu zangu, habari za siku nyingi. Mimi ni mtunza wazee huku. Mnakumbuka Store Bededag, ile sikukuu ya Ijumaa ya nne baada ya Pasaka? Tangu 2024 ni siku ya kazi kama nyingine, na serikali ilisema wazi kwamba kodi itakayoongezeka inakwenda kwenye ulinzi. Vyama vya wafanyakazi viliandamana, haikusaidia. Wanaolipwa kwa mwezi wamefidiwa nyongeza ya asilimia 0.45 ya mshahara wa mwaka; mlio huku hakikisheni imo kwenye hati zenu za mshahara. Nyie wa Uingereza na Ujerumani, kwenu wamekata wapi? Na tusio raia tuna la kufanya?

Kutoka Uingereza

Dada, pole na zamu. Huku sikukuu hazikuguswa. Tarehe 25 Februari 2025 Waziri Mkuu Keir Starmer alitangaza bungeni kwamba ulinzi utapanda hadi asilimia 2.5 ya pato la taifa kufikia 2027. Fedha zinatolewa kwenye misaada ya nje, inayoshushwa kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3. Siku tatu baadaye waziri wa maendeleo ya kimataifa, Anneliese Dodds, alijiuzulu. Hakupinga ulinzi kuongezewa. Alipinga mzigo wote kutwikwa misaada.

Hapo ndipo jambo linapotugusa. Aliyekatiwa hapigi kura hapa. Mama anayefika zahanati akakuta dawa hakuna hana mbunge wa kumlalamikia London, kwa hiyo simu inaita kwetu. Tunalipa kodi huku, kisha tunatuma pesa kuziba pengo ambalo kodi yetu ilikuwa inaliziba. Na hata kilichobaki hakivuki bahari chote, maana kanuni za kimataifa zinaruhusu gharama za kumhifadhi mkimbizi ndani ya nchi, kwa mwaka wake wa kwanza, zihesabiwe kuwa msaada, na Uingereza imeitumia sana ruhusa hiyo.

Sisemi Ulaya isijilinde. Urusi iliivamia Ukraine Februari 2022, na majirani wana haki ya kuogopa. Ninachokataa ni kuambiwa hapakuwa na njia nyingine. Kupandisha kodi ni njia, kukopa ni njia. Kumkata asiye na sauti wameamua wenyewe.

La kufanya lipo. Mtanzania, Mkenya, Mganda au Mnyarwanda mwenye kibali halali cha kuishi Uingereza anaruhusiwa kupiga kura, hata ya ubunge, kwa sababu nchi zetu zimo Jumuiya ya Madola. Wanafunzi pia. Kujiandikisha ni bure, mtandaoni, na msingoje uchaguzi utangazwe. Mrundi na Mkongo kwa bahati mbaya hawamo.

Kutoka Ujerumani

Kaka, nakubaliana nawe, ila kukopa nako tusikupambe. Machi 2025 huku walibadili Katiba: matumizi ya ulinzi yanayozidi asilimia 1 ya pato la taifa hayahesabiwi tena kwenye kikomo cha kukopa. Wakati huohuo wakaidhinisha mfuko wa mkopo wa yuro bilioni 500 kwa miundombinu, kwa miaka 12. Kwa hiyo reli na madaraja vimekumbukwa. Lakini jeshi limeondolewa kikomo, mengine yamewekewa kiasi. Tena mfuko ule ni wa uwekezaji: unajenga chekechea, haulipi mishahara ya walimu wake. Mtoto wangu alikaa muda mrefu kwenye orodha ya kusubiri nafasi, na jibu lilikuwa lilelile kila mara: vyumba vipo, walimu hawatoshi.

Na shinikizo litaongezeka. Juni 2025, The Hague, wanachama wa NATO, muungano wa kijeshi, walikubaliana matumizi ya ulinzi yafikie asilimia 5 ya pato la taifa ifikapo 2035: 3.5 za jeshi lenyewe, 1.5 za mambo yanayoambatana nalo, kama miundombinu na usalama wa mitandao. Hiyo 1.5 ndiyo ya kuifuatilia, kwa sababu daraja linalopitisha kifaru linapitisha na basi la shule.

Kura huku ni ya raia; sisi tunaotoka nje ya Umoja wa Ulaya hatupigi hata ya mtaa. Ila tangu Juni 2024 unaweza kuomba uraia baada ya miaka 5 badala ya 8, bila kulazimishwa kuukana wa zamani. Mkenya aombe tu. Mtanzania afikiri kwanza, sheria ya kwetu bado haikubali uraia pacha kwa mtu mzima.

Kutoka Denmark

Asanteni sana. Nimeulizia: hapa asiye raia anapiga kura ya manispaa akishaishi miaka minne, na kadi inamfikia bila kujiandikisha. Manispaa ndiyo inayopanga idadi yetu watunza wazee kwa zamu. Nitawaambia wenzangu kazini, maana wengi wameshapita miaka hiyo na kadi wanazitupa.