Aurora kwa filamu, Tromsø: Portra 800, CineStill 800T au Provia 100F?

Mtu_wa_Mkanda: Wakuu, mwezi wa pili naenda Tromsø, Norway, kupiga picha za aurora, zile taa za anga la usiku, kwa filamu. Nina Nikon FM2 na Canon AE-1, lenzi 24mm f/2. Nichukue mkanda gani, na kamera ipi?

BintiUjiji: Portra 800, usijisumbue. Kwa f/2, yaani lenzi ikiwa wazi kabisa, anza na sekunde 10. Pazia la aurora likianza kucheza kwa kasi shuka hadi 5, maana ukizidisha mistari yote inayeyuka unabaki na uji wa kijani. Likitulia, panda hadi 20. Kumbuka filamu ikiachwa wazi muda mrefu wepesi wake wa kushika mwanga unapungua, kwa hiyo usiogope kuongeza.

Pwani_Oslo: CineStill napingana nayo kidogo. Imetengenezwa kwa taa za ndani, basi anga linageuka bluu na kila taa ya barabarani inavaa duara jekundu. Wapo wanaoipenda hivyo. Mimi kijani nakitaka kiwe kijani.

Kidole_Baridi: Mbona Provia mnaikimbia? Fujifilm, watengenezaji wake, wanasema haihitaji kuongezewa muda mpaka sekunde 128.

BintiUjiji: Kwenye makaratasi sawa, kaka. Ila namba ya filamu ndiyo wepesi wake: 100 ni stopu tatu chini ya 800, na kila stopu inadai muda mara mbili. Sekunde 10 zangu kwako ni 80! Labda siku aurora imelala kama upinde, haijongei.

Kidole_Baridi: Hapo umenibana.

Mzee wa Skibotn: AE-1 iache nyumbani. Shata yake, mlango wa mwanga, inakula betri muda wote ikiwa wazi, na baridi inaimaliza mapema. FM2 betri ni ya kipima mwanga tu, shata ni ya mitambo. Halafu Tromsø iko pwani, mawingu mengi. Madereva huwapeleka watu bara, Skibotn au Kilpisjärvi upande wa Finland, na huko baridi ni nyingine kabisa. Mkanda unakuwa mkavu na mgumu, ukivuta haraka unakatika au unatoa cheche za umeme, ukisafishwa unakuta vijiradi kama matawi juu ya picha. Vuta taratibu, rudisha taratibu zaidi.

Pwani_Oslo: Mimi kamera naiweka ndani ya koti kila baada ya picha.

Mzee wa Skibotn: Ndiyo maana kioo kinatoka jasho, kisha jasho linaganda. Iache juu ya stendi. Ukirudi ifunge kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kuingia ndani, uufungue ikishapata joto la chumba.

BintiUjiji: Na picha ya kwanza ipige mchana. Fundi akikuta negativu zote ziko wazi karibu tupu hajui fremu inaanzia wapi, anakukatia katikati.

Mtu_wa_Mkanda: Nimeelewa, Portra na FM2. Filta ya UV niiache kulinda lenzi?

Mzee wa Skibotn: Itoe! Kijani cha aurora ni mstari mmoja mwembamba wa oksijeni, urefu wa wimbi nanomita 557.7, na mwanga wa rangi moja hivyo ukirudirudi kati ya nyuso za kioo bapa mbele ya lenzi unakuchorea miduara katikati ya picha.