Naomba ushauri: nyumba yenye unyevu Gouda, jirani anawasha kuni, mtoto ana pumu

Mgeni_Gouda

Habari za humu wakuu. Tumehamia Gouda, Uholanzi, kutoka Mwanza. Tumepanga nyumba ya ghorofa moja katika safu ya nyumba zilizoshikana. Mtoto wetu wa miaka 6 ana pumu, na tangu Novemba anabanwa zaidi. Chumbani kwake kuna kuvu kwenye kona ya ukuta wa nje, nyuma ya kabati. Jirani anawasha kuni kila jioni. Nina kifaa kidogo cha kupima chembechembe, PM2.5, asubuhi za ukungu kinasoma 80, mchana 12. Nifungue madirisha saa ngapi? Mvua ikinyesha nje, si nitakuwa nazidisha unyevu ndani? Na majira ya machipuko nitegemee nini? Dawa ameshapewa na huisarts (daktari wa familia), hapa nauliza upande wa nyumba na hewa tu.

Polda_Chini

Pole dada. Anza kwa kuangalia upepo kabla hujaangalia mvua. Watu wanadhani hewa chafu inajikusanya Gouda kwa sababu mji uko chini. Ni kweli hapo jirani, kwenye Zuidplaspolder, ndipo penye ardhi ya chini kabisa Uholanzi, mita 6.76 chini ya NAP, kiwango cha maji ambacho Uholanzi hupimia urefu wa ardhi, lakini eneo lote ni tambarare, hakuna bonde la kuikamata hewa. Kinachokuumiza ni udongo wa mboji uliolowa na mifereji kila upande, ndiyo inayoleta ukungu usiku usio na upepo.

Siku nyingi upepo unatoka kusini-magharibi, baharini, pamoja na mvua. Hizo siku zinazochukiza ndizo zenye hewa safi. Siku mbaya ni zile nzuri kwa macho: baridi kali, anga jeupe, upepo wa mashariki unaotembea polepole. Usiku wa namna hiyo ardhi inapoteza joto haraka, hewa baridi inalala chini, na ya vuguvugu inakaa juu yake kama mfuniko wa sufuria. Moshi wa jirani hauna pa kupanda. Upepo wa mashariki nao unaongeza uchafu uliosafiri kutoka Ujerumani na bara kwa ujumla.

Siku kama hizo RIVM, taasisi ya taifa ya afya ya jamii na mazingira, hutoa Stookalert, tahadhari ya kuwasha kuni, kwa kila mkoa. Wewe angalia Zuid-Holland, mkoa wa Gouda. Ni ombi la kutowasha kuni, si katazo la kisheria, kwa hiyo jirani mwendee kwa heshima mapema, usingoje siku mtoto amebanwa. Mwombe mambo mawili: asiwashe siku ya Stookalert, na siku nyingine atumie kuni kavu, bila kuziba hewa ya jiko ili moto ufifie usiku kucha. Moto unaofifia ndio unaotoa moshi mbaya kuliko wote.

Madirisha yafungue kati ya saa 6 mchana na saa 9 alasiri. Jua likishapasha ardhi, ule mfuniko unavunjika. Kuanzia saa 11 jioni, kama unasikia harufu ya moshi, funga hata vile vipenyo vya juu ya dirisha, kisha vifungue tena harufu ikiisha. Usivisahau vimefungwa wiki nzima.

Fundi_Unyevu

Hilo la mvua linawachanganya wengi, ngoja nilieleze kwa hesabu. Hewa ya nyuzi 5 yenye unyevu wa asilimia 85 imebeba karibu gramu 5.8 za maji kwa mita ya ujazo. Iingize ndani, ipashe hadi nyuzi 20: hewa ya joto hilo inaweza kubeba gramu 17.3, kwa hiyo unyevu wake unashuka hadi asilimia 33 hivi. Hata mvua ikinyesha, hewa ya baridi ikishapashwa inakausha nyumba. Dakika 10 hadi 15, madirisha ya pande mbili wazi kabisa, redieta imezimwa. Tofauti ni siku za joto lenye mvuke wakati wa kiangazi. Hapo hesabu inageuka.

Nunua kipima unyevu, kiweke chumba cha mtoto mbali na redieta. Lenga asilimia 40 hadi 60. Kikikaa juu ya 60 siku kadhaa, tafuta maji yanatoka wapi. Mara nyingi ni nguo: mzigo mmoja wa mashine ukianikwa ndani unaachia hadi lita 2 hivi za maji hewani.

Kabati lisogeze sentimita 10 kutoka ukutani. Kona ya ukuta wa nje ndiyo yenye baridi kuliko zote, mvuke unageuka maji hapo, kuvu inaota. Chumba kisishuke chini ya nyuzi 15 usiku. Kuvu ifute kwa maji ya moto yenye soda, mtoto akiwa nje ya chumba, kisha kausha.

Sasa angalia chini ya sakafu. Nyumba nyingi za huko zina kruipruimte, uwazi wa kutambaa, na kwenye mboji maji ya ardhini yako karibu sana. Kagua matundu yenye wavu chini ya ukuta wa nje: yakizibwa na majani au udongo wa bustani, unyevu unapanda ndani. Kutandika karatasi nzito ya plastiki juu ya udongo huo ni kazi ya mwenye nyumba. Mwandikie kwa maandishi, ambatanisha picha zenye tarehe. Wiki 6 zikipita bila marekebisho, unaweza kupeleka shauri Huurcommissie, chombo cha kuamua migogoro ya wapangaji na wenye nyumba.

Mpima_Hewa

Hiyo 80 ya asubuhi usiiamini. Vifaa hivi vinahesabu mwanga unaotawanywa na chembe. Kwenye ukungu chembe zinanyonya maji na kuvimba, na matone yenyewe yanahesabiwa kama vumbi. Fungua Luchtmeetnet, tovuti ya vipimo rasmi vya hewa, tazama kituo rasmi kilicho karibu kwa saa ileile. Rasmi ikiwa 15 na chako 80 asubuhi ya ukungu, huenda ni ukungu tu. Zote zikipanda pamoja, kama usiku wa fataki wa kuamkia 1 Januari, ni uchafu kweli. Kiwango cha WHO (Shirika la Afya Duniani) cha 2021 ni mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo, kwa wastani wa saa 24, kwa hiyo usomaji wa dakika moja usikutie hofu.

Machipuko yana mambo mawili. Kuanzia 16 Februari wafugaji wanaruhusiwa kumwaga samadi ya maji kwenye malisho, na Krimpenerwaard, eneo la malisho, iko kusini tu mwa mji. Amonia yake ikikutana na gesi za magari, na hapo barabara kuu za A12 na A20 zinaungana, inazaa chembe laini sana. Ndiyo maana Machi na Aprili kavu, zenye upepo wa mashariki, zinaweza kuwa chafu ingawa hakuna anayewasha kuni. Pili ni chavua: miti ya els na hazelaar mapema mwaka, mti wa berk mwezi Aprili, nyasi kuanzia katikati ya Mei hadi Julai. Kwa Gouda ogopa nyasi. Msimu huo usianike shuka nje, mwoshe mtoto nywele jioni. Mvua tulivu inasafisha, lakini radi inapasua chavua vipande vidogo vinavyofika ndani kabisa ya mapafu: funga madirisha.

Mgeni_Gouda

Asanteni sana. Mashine ya kusafisha hewa inafaa? Chumba ni mita 4 kwa 3.

Mpima_Hewa

Inafaa kwa moshi na chavua, kwa unyevu haisaidii. Urefu ukiwa mita 2.5, chumba ni mita za ujazo 30. Unataka hewa izunguke mara 5 kwa saa, yaani mashine ya mita za ujazo 150 kwa saa, na uwezo huo uupate kwenye kasi ambayo mtoto anaweza kulala nayo. Chukua ya kichujio cha HEPA, kinachonasa chembe laini, kataa inayotengeneza ozoni, gesi inayokera mapafu. Iweke wazi, isibanwe ukutani, na mlango ufungwe.

Polda_Chini

Na jiko la mkaa lisiingie ndani wala bandani, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye mkaa, haina harufu, na hiyo mashine haiichuji.